Gari lako hukohoa asubuhi? Lipime kabla halijapata moto

KAMA gari lako la zamani husumbua asubuhi, huenda tayari unajua sehemu inayoudhi zaidi. Nyumbani liliwaka kwa taabu, likatetemeka, likazima mara mbili getini huku majirani wakichungulia. Ukakaza roho, ukaliendesha hadi gereji. Kufika huko, injini inanguruma vizuri kana kwamba imeshuka melini jana. Fundi anakanyaga mafuta mara tatu, anasikiliza, kisha anakutazama: "Boss, mbona hii gari iko fiti?"

Au anakuambia neno ambalo wenye magari wa Nairobi wamelisikia mara nyingi: "Hiyo ni plagi tu." Unanunua plagi. Kesho asubuhi shida ni ile ile. Wiki ijayo ni koili. Inayofuata ni pampu ya mafuta. Mwisho wa mwezi pesa za rent zimeishia Kirinyaga Road na ndinga bado inamisi.

Kwa kijana anayetegemea gari hilo kubeba abiria wa app au kupeleka oda za wateja, hasara ni mara mbili: pesa za vipuri ambavyo havikuhitajika, na zile saa za asubuhi ambazo ndizo zenye wateja. Na si lazima fundi awe tapeli. Hitilafu za injini baridi huonekana kwa dakika chache tu, na dakika hizo huisha njiani kabla hujafika gereji. Ndiyo maana kazi kubwa ya kutafuta chanzo iko mikononi mwako wewe unayelala na gari hilo, na nyingi ya hatua zake ni za bure.

KWA NINI BARIDI HUISUMBUA INJINI

Petroli ikiwa majimaji haiungui vizuri. Kinachoungua ndani ya silinda ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, na kipimo kinachofaa ni karibu gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Injini ikiwa baridi, sehemu ya petroli hugandama kwenye kuta za njia ya hewa na za silinda badala ya kuwa mvuke. Kwa hivyo mchanganyiko unaofika kwenye cheche huwa na mafuta kidogo mno, hata kama pampu imefanya kazi yake.

Dawa ni kuongeza mafuta kwa muda. Magari ya zamani ya kabureta yalitumia choki, ile nobu ya kuvuta kwenye dashibodi, au choki iliyojifungua yenyewe. Magari yanayotumia injekta huiachia kompyuta kazi hiyo. Kompyuta husoma sensa ya joto la maji ya injini, ikaongeza petroli, kisha ikapandisha mizunguko hadi karibu 1,200 au 1,500 kwa dakika. Injini inapopata moto, mafuta ya ziada hupunguzwa na mizunguko hushuka hadi kati ya 650 na 800.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Sensa ya oksijeni iliyo kwenye eksozi, ambayo huiambia kompyuta kama mafuta yamezidi au yamepungua, haifanyi kazi hadi ipate joto la kama nyuzi 300. Kabla ya hapo kompyuta hufuata tu hesabu zilizohifadhiwa ndani yake. Sensa hiyo ikiamka, kompyuta huanza kusahihisha makosa madogo papo hapo. Hapo ndipo gari "hupona". Ugonjwa bado upo, ila umefunikwa.

Mahali unapoishi pia pana neno. Mombasa, hata Julai, alfajiri huwa karibu nyuzi 20. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na mwezi huo huo baridi ya usiku huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Limuru na Nyahururu ni baridi zaidi. Gari lenye kasoro ndogo linaweza kukaa Pwani mwaka mzima bila kulalamika, likahamia Limuru na kuanza kukohoa wiki ya kwanza.

Na magari yetu si machanga. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililopitisha miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na mengi huingia yakiwa yamekaribia kikomo hicho. Baada ya hapo hutumika miaka mingine 10 au 15. Ndiyo maana bado unaona Corolla 110, Nissan B15 na Vitz za kwanza barabarani. Mipira yake imekauka, nyaya zimechoka na sensa zake zimezeeka pamoja nayo.

KWANZA ANDIKA, USIFUNGUE BONETI

Kabla ya kugusa chochote, tumia asubuhi tatu kuchunguza. Toa simu, rekodi video kuanzia unapozungusha ufunguo, ikionyesha dashibodi na ikinasa sauti. Kisha jibu maswali haya:

1. Gari hukataa kuwaka, au huwaka kisha likatetemeka na kuzima?

2. Shida hudumu sekunde ngapi au dakika ngapi?

3. Ukikanyaga mafuta kidogo, linatulia au linazidi kukohoa?

4. Likizimwa likiwa moto na kuwashwa baada ya dakika 10, shida hurudi?

5. Je, ni mbaya zaidi baada ya mvua au baada ya kuoshwa?

Majibu yako yanapunguza washukiwa. Gari linalosumbua asubuhi ya mvua na kutulia siku kavu hukuelekeza kwenye umeme wa cheche. Linalohitaji kukanyagwa mafuta ili lisizime linakuelekeza kwenye uchafu wa njia ya hewa au mpira uliopasuka. Linalochukua muda mrefu kushika lakini likishika liko sawa, shuku mafuta yanayorudi kwenye tangi usiku.

Jambo moja la usalama kabla hatujaendelea. Majaribio haya yote yafanyie nje. Moshi wa gari una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na injini baridi hutoa nyingi zaidi. Gereji ya nyumbani iliyofungwa mlango inaweza kukuua kabla hujajua kuna tatizo.

KUWAKA NI KITU KIMOJA, KUTULIA NI KINGINE

Ikiwa stata inazunguka kwa uvivu, ile sauti ya "nye... nye... nye", usiende mbali. Pima betri. Multimita ndogo inatosha. Betri nzima ya gari iliyolala usiku husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki karibu nusu. Mtu akizungusha ufunguo na volti zikaanguka chini ya 9.6 hivi, betri imechoka au vichwa vyake vina kutu. Safisha vichwa, kaza, jaribu tena kabla ya kununua mpya.

Angalia pia oili uliyotia. Wengi hutia 20W-50 katika kila gari kwa sababu ni rahisi kupatikana na bei yake ni nafuu. Kwenye injini iliyotengenezewa 5W-30, oili hiyo huwa nzito asubuhi ya baridi: stata hufanya kazi ya ziada, na oili huchelewa kufika juu kwenye valvu. Kitabu cha gari kinasema ni oili gani. Kifuate.

Ikiwa stata inazunguka kwa nguvu na injini inawaka lakini haitulii, basi betri haina kosa. Sasa tunatafuta kati ya vitu vinne: hewa, cheche, mafuta na habari ambazo kompyuta inapewa.

HEWA: ANZA HAPA KWA SABABU NI BURE

Fungua boneti injini ikiwa baridi. Toa kichujio cha hewa na kiinue kwenye mwanga. Kama huoni mwanga ukipenya, umeshapata kitu cha kubadilisha.

Kisha fuata mipira yote myembamba iliyounganishwa na njia ya hewa. Ikunje kidogo kwa vidole. Mpira uliozeeka hukauka kama mkate wa juzi na kupata nyufa. Hewa inayoingia kwenye ufa huo haikupimwa na sensa yoyote, kwa hivyo mafuta hayatoshi na injini inamisi. Mara nyingine mpira ukipata joto hulainika na ufa ukajifunga, na ndiyo sababu gari hutulia baada ya dakika tano. Sikiliza sauti ya "sssss" injini ikiwa imewashwa. Usikubali mtu apulize petroli au dawa inayoshika moto juu ya injini ili kutafuta ufa, hasa ikiwa imeshapata joto. Magari yameungua hivyo.

Kinachofuata ni throto, ule mlango wa chuma unaofunguka unapokanyaga mafuta. Miaka ikipita, masizi meusi hujikusanya kando yake na ndani ya valvu ndogo inayopitisha hewa mguu wako ukiwa nje ya pedali. Asubuhi injini inahitaji hewa zaidi kupitia hapo, lakini njia imezibwa. Dalili yake inajulikana: gari linawaka, mizunguko inaanguka, linazima, lakini ukishikilia pedali kidogo linakaa. Kusafisha throto ni kazi ya nusu saa na dawa ya kopo moja. Kwa gari la zamani ambalo halijawahi kusafishwa, hii inapaswa kuja kabla ya kununua kipuri chochote. Ila ujue kwamba baadhi ya magari huhitaji kompyuta ijifunze upya baada ya kusafishwa, hivyo mizunguko ikiwa juu siku ya kwanza usishtuke.

CHECHE: SOMA PLAGI KABLA YA KUZITUPA

Plagi za zamani ni barua kutoka ndani ya injini. Zitoe, zipange kwa mfuatano wa silinda, uzisome. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Nyeusi na kavu kama masizi ina maana mafuta yamezidi. Nyeusi yenye utelezi ni oili inayoingia silinda. Nyeupe kama chokaa inaonyesha mafuta kidogo au joto jingi. Plagi moja yenye unyevu wa petroli huku tatu zikiwa kavu inakuambia silinda hiyo haipati cheche.

Pima pia pengo lake. Katika magari mengi ni karibu milimita 1, lakini namba kamili iko kwenye kitabu. Plagi iliyolika huwa na pengo pana na huhitaji umeme zaidi kuruka, na injini baridi yenye mchanganyiko mbaya ndiyo ya kwanza kushindwa. Ukinunua mpya, nunua kwa muuzaji anayekupa risiti na anayekubali kurudishiwa. Plagi bandia zinafanana na halisi hadi kwenye maboksi.

Kama gari lako lina distribyuta na nyaya, kama Corolla 110, subiri giza. Washa injini, tazama nyaya bila kuzigusa. Ukiona vimulimuli vya buluu vikirukaruka, umeme unavuja kabla ya kufika kwenye plagi. Usiguse kabisa, hapo pana maelfu ya volti.

Kama lina koili moja kwa kila silinda, kama Vitz, Probox au Fielder, kuna jaribio zuri lisilogharimu hata shilingi. Tuseme skana imesoma P0301, maana yake silinda ya kwanza inamisi. Zima injini, hamisha koili ya silinda ya kwanza hadi ya tatu na ya tatu hadi ya kwanza. Futa kodi, subiri asubuhi. Ikirudi P0303, koili ndiyo mbovu, nunua moja. Ikibaki P0301, koili ni nzima na umeokoa pesa zako. Rudia vivyo hivyo na plagi.

Usiache gari likimisi kwa miezi. Petroli isiyoungua huenda kuungulia ndani ya katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye eksozi, na kukiyeyusha. Bei yake itakufanya utamani ungelipa koili.

SENSA INAYODANGANYA KOMPYUTA

Tulisema kompyuta huongeza mafuta ikiambiwa injini ni baridi. Sasa fikiria sensa hiyo inasema uongo. Ni saa kumi na mbili asubuhi, kila kitu ni baridi, lakini sensa inaripoti nyuzi 85. Kompyuta haiongezi chochote. Injini inakosa mafuta, inakohoa, inazima. Baada ya dakika chache joto halisi linaufikia ule uongo, na gari linakuwa sawa. Huu ni ugonjwa unaofanana kabisa na "plagi tu".

Uongo wa upande wa pili pia upo: sensa inasema baridi wakati wote. Asubuhi gari liko sawa, ila likishapata moto linanuka petroli, moshi ni mweusi na mafuta yanaisha haraka.

Wengi hupotea hapa kwa kutazama mshale wa joto kwenye dashibodi. Katika magari mengi ya zamani sensa ni mbili: moja ya mshale, nyingine ya kompyuta. Mshale unaweza kuwa mkweli huku kompyuta ikidanganywa.

Kupima ni rahisi. Skana ndogo ya Bluetooth inayounganishwa na simu hutosha, na kwa kawaida bei yake ni chini ya koili moja mpya. Ichomeke asubuhi, weka ufunguo kwenye ON bila kuwasha injini, tazama joto la maji na joto la hewa inayoingia. Gari lililolala usiku kucha, namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana, na zikaribiane na baridi ya nje. Ukiona hewa ni 13 na maji ni 60, umepata mwongo wako. Ukiona -40, waya umekatika au plagi yake imechomoka, kwa sababu hapa Kenya hakuna baridi hiyo.

Magari mengi ya Japan ya miaka ya 1990 hayazungumzi na skana hizo. Usikate tamaa. Kwenye Toyota nyingi za wakati huo kuna kiboksi chini ya boneti, na fundi wa umeme akiunganisha tundu la TE1 na la E1, taa ya injini hupepesa na kuhesabu kodi. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, kisha mara mbili tena, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. Mwachie anayejua, maana kuunganisha tundu lisilo sahihi kunaweza kuharibu kitu.

Multimita nayo inaweza kuhukumu. Sensa za Toyota na nyingi nyinginezo husoma kilo-omu 2 hadi 3 kwa nyuzi 20, na kushuka hadi karibu 0.3 kwa nyuzi 80. Itie sensa ndani ya kikombe cha maji baridi, pima. Itie kwenye maji ya moto, pima tena. Isipobadilika, imekufa.

Na kumbuka, kodi ni dokezo; haikuambii ununue nini. P0171 inasema hewa imezidi au mafuta yamepungua. Chanzo kinaweza kuwa mpira uliopasuka wa shilingi chache, sensa chafu ya kupima hewa au pampu dhaifu. Anayesoma P0171 na kukuuzia sensa ya oksijeni papo hapo amebahatisha.

THAMOSTATI ILIYOTUPWA

Hapa kwetu kuna desturi ya miaka mingi: gari likichemka mara moja, thamostati inatolewa na kutupwa. "Hiyo ni ya nchi za theluji," utaambiwa. Si kweli. Thamostati huzuia maji kwenda rediyeta hadi injini ifike nyuzi 82 hivi au zaidi. Bila hiyo, maji baridi huzunguka tangu unapowasha, na injini huchukua muda mrefu sana kupata moto. Kwenye barabara kuu usiku wa Julai huenda isipate kabisa.

Matokeo yake ni kompyuta inayoamini bado ni asubuhi. Inaendelea kumwaga mafuta ya ziada, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na tangi linakauka. Pima hivi: washa gari baridi, endesha kwa utaratibu. Kwa kawaida mshale unapaswa kufika mahali pake baada ya dakika 10 hivi. Ukibaki chini baada ya nusu saa, au skana ikisoma P0128, muulize fundi wa mwisho kama thamostati bado ipo. Kama gari lilichemka, chanzo cha kuchemka kitafutwe chenyewe.

MAFUTA, NA MOSHI UNAOSEMA

Baada ya kuzima gari, petroli inapaswa kubaki na shinikizo ndani ya paipu hadi asubuhi. Valvu ya pampu ikichoka au injekta ikivuja, paipu hubaki tupu. Jaribu hivi: weka ufunguo kwenye ON kwa sekunde tatu, rudisha, rudia mara tatu, halafu ndipo uwashe. Katika magari mengi pampu hufanya kazi kwa sekunde chache kila unapoweka ON. Gari likishika mara moja baada ya hapo ilhali kwa kawaida husumbua, mwambie fundi apime shinikizo la mafuta kwa geji, asubuhi.

Ubora wa petroli pia ni jambo la kweli. Uchanganyaji wa mafuta taa ulienea kiasi kwamba mnamo 2018 serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuua faida yake. Mafuta taa hayageuki mvuke kwa urahisi, kwa hivyo injini baridi ndiyo huyahisi kwanza. Kama shida ilianza siku baada ya kujaza mahali papya, tumia tangi hilo liishe, ujaze kwingine, kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Tazama moshi pia. Mvuke mweupe unaopotea upesi asubuhi ni maji tu. Mweupe mzito unaoendelea, wenye harufu ya utamu, huku maji ya rediyeta yakipungua, ni ishara ya gasketi ya hedi. Wa buluu unaotoka mara moja tu unapowasha kisha ukaisha ni oili iliyochuruzika usiku kupitia mipira ya valvu. Mweusi ni mafuta kupita kiasi. Ute mweupe chini ya kifuniko cha oili usikutishe peke yake. Gari la safari fupi fupi kwenye baridi huupata kutokana na unyevu. Ukiuona pamoja na maji kupungua, hapo ndipo uogope.

Wenye dizeli, habari yenu ni tofauti kidogo. Dizeli haina plagi za cheche. Huwashwa na joto la hewa iliyobanwa, na hita plagi husaidia asubuhi. Moja au mbili zikiungua, gari litawaka kwa taabu, litatetemeka na kutoa moshi mweupe kwa dakika moja au mbili. Subiri taa ya hita izime kabla ya kuzungusha ufunguo, na umwombe fundi azipime moja moja kwa multimita.

Kama umepitia yote haya na silinda moja bado haifanyi kazi, ni wakati wa kupima kompresheni. Namba za silinda zote zinapaswa kukaribiana. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, shida iko ndani, kwenye valvu, ringi au gasketi, na hakuna koili itakayoitibu.

MWACHIE FUNDI GARI USIKU

Ukienda gereji, usiende asubuhi ukitegemea fundi atasikia. Peleka jioni, liache lilale huko, na mkubaliane kwamba hakuna atakayeliwasha hadi ufike asubuhi. Hata kulisogeza ili gari jingine lipite kunaharibu jaribio. Kama huwezi kuliacha, mwombe fundi aje nyumbani alfajiri umlipe nauli na muda wake. Itakugharimu kidogo kuliko seti ya koili.

Mwonyeshe video na yale majibu matano. Mwambie ulichosafisha na ulichohamisha. Na kabla hajatoa kipuri, muulize swali moja kwa heshima: "Fundi, umepima nini kikakuonyesha ni hiki?" Fundi mzuri atakuonyesha. Akikwepa, omba vipuri vya zamani urudi navyo nyumbani na utafute mwingine. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha subiri asubuhi inayofuata. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na gari likapona, hutajua ni kipi ulichohitaji.

Maarifa haya haya yatakufaa siku unaponunua gari la mkono wa pili. Muuzaji anayejua gari lake lina shida ya asubuhi ataliwasha nusu saa kabla hujafika. Mwambie mapema kwamba unataka kulikuta baridi. Ukifika, kabla ya salamu kuwa ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Kama ni moto, mwambie utarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi, na hadi utakapolisikia likiwaka baridi kwa masikio yako, usitume hata deposit.